Vumbi Mbele ya Mulango ya Nyangoma

Mujukuu wangu Deborah,

Siye huku Bunia tuko muzima. Mama yako anakusalimia, na maharagwe ya shamba yetu ya Mbunya inaanza kutoa maua.

Uliniuliza kama mu jamaa yetu kulikuwa mutu wa asima, ile pumu. Ulinielezea kwa simu: mu seli zenye zinalinda mwili, jeni inaweza kuamka kwa mutu moja na kulala kwa ndugu yake, hata kama ni mapacha. Nilimukumbuka Nyangoma, pacha yangu.

Tulifanana mupaka baba alikuwa anatuchanganya. Lakini Nyangoma alikataa kufagia kiwanja, anasema vumbi inamufunga kifua. Mimi nikamwambia: "Kifua yetu iko moja. Weye uko muvivu tu."

Asubuhi moja nilifagia kwa nguvu mbele ya mulango yake, kusudi atoke. Alitoka kwa magoti, anatafuta pumuzi.

Alipona, na hakunishitaki kwa mama.

Damu yenye unaomba kwa masomo yako, nitakupa. Ya Nyangoma hautaipata, alishaenda kwa Mungu. Lakini mupaka leo siwezi kufagia bila kunyunyiza maji kwanza, hata kama mu nyumba hakuna tena mwenye kukohoa.

Ni miye koko yako, Nyakato