Taa za baba zimeng'olewa

Shoga, jirani wa mlango wa pili anaapa alimwona kaka asubuhi akitoka na kifurushi cha vioo, ananyata kama mwizi wa mayai. Nikacheka.

Sasa sicheki.

Nimewasha amplifaya ya marehemu baba, ile ya kizamani yenye taa za kioo ndani za kukuzia sauti. Unajua huwa nasubiri taa zipate moto ndipo nipige gitaa. Leo imelia papo hapo. PAPO HAPO! Nimeigusa mgongoni, baridi kama maiti.

Nimeifungua. Taa hata moja hamna! Ndani ya sanduku la baba kuna kimashine cha kidijitali, kimebandikwa kwa gundi.

Nimempigia kaka. Eti, "Mdogo wangu, si kinaiga sauti ileile? Na ni chepesi kubeba. Taa nimempa fundi. Nilijua hutagundua."

Hutagundua! Mimi niliyezipangusa taa hizo tangu baba afe!

Si nilimwambia, kama anapenda ya kidijitali anunue yake, ya baba aniachie? Angeniambia tu! Kumtoa baba matumbo kisha kunifunikia kifuniko!

Nimemwandikia: "Kaka, nenda kwa fundi, nirudishie taa za baba leo."

Ameusoma ujumbe. Sanduku la baba nimeliacha wazi, namsubiri.