Baba Neema, Wewe ni wa Nchi Gani?

Mpenzi Baba Neema,

Unaikumbuka siku tulipokula kiapo cha uraia wa Marekani kule Saint Paul? Mimi nililia, maana Tanzania haina uraia pacha, na tangu siku ile ningeingia kwetu kwa viza kama mtalii. Wewe ulicheka. "Hata kwetu Uchina hakuna," ukasema, "lakini pasipoti yangu ya zamani hawajaichukua."

Nilikuambia uachane nayo. Nilikuambia jikoni, nikakuambia garini, mpaka binti yetu akasema kwa Kiingereza chake, "Mama, amekusikia."

Halafu mama yako akaugua. Viza ingechukua wiki kadhaa, naye hakuwa nazo. Pale uwanja wa ndege ukaniambia, "Ananisubiri." Nikakuacha uende. Ukaingia kwenu kwa ile pasipoti ya zamani, ukamkuta angali hai, ukamzika. Hilo silijutii, nawe usilijutie.

Lakini polisi wa kule wanamtafuta kaka yako, wakakuzuia wewe usiondoke mpaka yeye ajitokeze. Ulipowaonyesha pasipoti ya Marekani wakasema, "Uliingia kama Mchina. Wewe ni wetu."

Nikapigia simu serikali yetu ya hapa Marekani. Mama mmoja mpole akanijibu, "Tumewaandikia, dada. Wanasema ni raia wao, hata kumwona hawaturuhusu." Nikawapigia maofisa wa Uchina walioko huku. Wakasema hawawezi kunisaidia, kwa sababu mume wangu aliapa kuwa Mmarekani!

Yaani wakitaka kukushikilia, wewe ni Mchina. Wakitakiwa kunijibu, wewe ni Mmarekani. Serikali mbili kubwa zinaandikiana barua za heshima, na mimi nazoa theluji peke yangu hapa mjini kwetu Crystal. Kanisani wananiambia nivumilie. Nawe kwenye simu unaniambia, "Pole pole, mke wangu," kwa Kiswahili nilichokufundisha mwenyewe, nami natamani kuitupa simu ukutani.

Basi nimeacha kupiga simu. Nimeomba likizo kazini hospitalini, viza zetu zimetoka, na Jumanne mimi na Neema tunapanda ndege. Nitakaa kwenye ofisi ya hao polisi mpaka mtu mmoja anitazame usoni, aniambie wewe ni wa nani.

Neema ameuliza kama utarudi nasi. Sikumdanganya. Nimemwambia tunakwenda ulipo.

Nyoa hizo ndevu ninazoziona kwenye simu. Kama hawakuachi utoke, sisi tunaingia.

Mkeo, na hasira zangu zote,
Mama Neema