Mguu Unaonong'ona

Baba,

Kamwene. Naanza hivyo kama ulivyokuwa ukianza wewe kila asubuhi bandani, ukimsalimia punda wetu Mgeni kabla hujatusalimia sisi wanao. Mama alikuwa akinuna. "Punda kwanza, mke baadaye!" Nawe unacheka tu.

Hapa Kichiwa hatujambo. Mama amepanda parachichi kwenye lile shamba la juu, ulilosema ni la mahindi mpaka kiama. Utusamehe, miche imeshika vizuri kweli. Mdogo wangu Edo amenunua guta la kubebea mizigo, kwa hiyo Mgeni amestaafu. Mkokoteni wako uko nyuma ya jiko, kuku wanatagia humo. Mgeni mwenyewe kanenepa, anatuangalia kama bosi.

Mimi sasa niko mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo. Juzi Jumamosi tulipelekwa kujifunza kwa vitendo kwenye mashindano ya farasi, shamba moja nje kidogo ya Makambako. Farasi, Baba! Wewe uliyekuwa ukisema farasi ni punda aliyesoma. Kazi yetu wanafunzi ilikuwa kupima mapigo ya moyo, kukagua kwato, na kuwatazama wakikimbizwa kidogo kwenye sakafu ngumu. Anayechechemea haruhusiwi kuruka viunzi. Farasi wa kwanza kuletwa nilimwambia "Kamwene" bila hata kufikiri. Wenzangu walinicheka mpaka basi.

Baadaye akaja jike mmoja wa kahawia, na msichana wa kama miaka kumi na mitano aliyemsuka nywele za shingo kwa utepe mwekundu. Daktari msimamizi wetu akaniambia huyu ni wangu, uamuzi nitoe mimi. Akakimbizwa mbele yetu. Wenzangu wakasema mzima. Macho yangu nayo yakasema mzima. Nikayafumba, kama ulivyonifundisha kwenye barabara ya Makambako, mimi nikitembea nyuma ya mkokoteni. "Usitazame, mwanangu, sikiliza. Mguu mzima unasema, mguu unaoumwa unanong'ona."

Nikasikia. Wa mbele, kushoto.

Msichana alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. "Dada, ni uchovu wa lori tu. Tafadhali." Alikuwa amejiandaa mwaka mzima, na ni mimi peke yangu niliyesikia. Ningeweza kunyamaza, nani angejua?

Baba, niliwahi kunyamaza. Hili sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Makambako kuuza mahindi ili ninunuliwe sare ya sekondari? Wewe ulikuwa mbele ukiongea na jirani, malori yanapita, huwezi kusikia kitu. Mimi nilikuwa nyuma. Niliisikia miguu ya Mgeni tangu hatujafika mbali, mmoja ulikuwa unanong'ona. Nilijua nikisema tu utageuza turudi nyumbani. Na mimi nilitaka sare. Karibu na mjini akagoma kabisa. Ulimfungua, ukatoa jiwe kwenye ukwato, damu ikafuata. Ukanikabidhi mimi kamba, ukavuta mkokoteni wewe mwenyewe mpaka sokoni, jasho linakutiririka. Kisha ukaanza ile kauli yako: "Sikio langu limezeeka." Uliisema kwa jirani, ukaisema kanisani, ukaisema miaka yote. Kila ukiisema mimi nainama, nafunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka.

Basi Jumamosi nilifumbua macho nikasema, "Huyu hataruka." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Msichana akaangua kilio. Daktari akaubana ukwato kwa koleo ya kupimia, farasi akauchomoa mguu kwa nguvu. Usaha ulikuwa umeanza ndani. Angeruka, angeumia vibaya. Daktari akauliza nimejuaje. Nikasema nimefundishwa na baba yangu, mwenye punda, wa Kichiwa. Yaani nilivyojivuna!

Mchana wote nilikaa na yule msichana, mguu wa farasi wake ndani ya ndoo ya maji moto yenye chumvi. Alilia, akanyamaza, akala ndizi yangu. Mwisho akaniomba nimfundishe kusema "Kamwene". Sijui lini nimefurahi vile.

Jana nimekuja nyumbani. Nimemtoa Mgeni, nikamtembeza pale uani kwenye udongo mgumu, macho nimefumba. Miguu yote minne inasema. Halafu nikamweleza Mama habari ya ile sare. Kasema, "Kamwambie mwenyewe." Ndiyo maana nakuandikia, na kesho kabla ya basi nitakuja kukusomea hapo ulipolala.

Sikio lako halikuzeeka, Baba. Lilikuwa zima mpaka mwisho. Pumzika ukijua hivyo. Nami nakuahidi, mguu wowote ukininong'oneza, nitasema, hata kama nyuma yake kuna sare yangu.

Binti yako,
Faraja