Nyimbo Zako, Jina Langu

Dada Naomi, shikamoo.

Najua salamu hii haitaitikiwa. Nimeiandika kwa sababu ulinikataza kuanza maneno na mkubwa kabla ya kumwamkia, na kwa sababu sijui nianzeje mengine.

Viazi vya mama vimetoka vizuri. Darasa lako la kisomo cha watu wazima pale Mlola limepewa mwalimu mwingine, mpole, ila kina mama wanasema anafuta ubao haraka mno. Na bendi yetu imevunjika. Niliivunja mimi.

Dada, nyimbo zile zilikuwa zako. Saba kati ya tisa. Uliziandika nyuma ya karatasi za masomo, ukitoka shamba la kijiji, ukanipa ukisema, "Jaribuni hizi na magitaa yenu ya kelele." Tulikuwa vijana wanne wa Lushoto tunaopiga roki, na watu walikuwa wakiziba masikio. Kwa maneno yako wakaanza kusikiliza. Tulipokwenda Nairobi kurekodi santuri, fundi mitambo aliuliza, "Mtunzi nani?" Wenzangu wakanitazama. Nikataja jina langu. Nilijiambia kwamba bendi ya roki iliyotungiwa nyimbo na mwalimu wa kisomo, tena mwanamke, itachekwa. Uongo. Nililitaka jina.

Santuri ikapigwa kila baa, kuanzia Mombo hadi Tanga. Redioni mtangazaji akaniuliza niliyapataje maneno mazito vile kuhusu vijiji vyetu vipya vya ujamaa. Nikamjibu kwa maelezo yako, hata ile pumzi uliyokuwa ukivuta kabla ya kusema "lakini." Mama ameniambia juzi kwamba mlikuwa mkisikiliza pamoja. Anasema ulichukua ndoo ukaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Nilipokuletea santuri ulisoma jalada lote, mbele na nyuma. Kisha ukaniambia habari ya ule wimbo wa wanawake wanaolima huku wanaume wakijadiliana. "Umeimba vizuri, mdogo wangu. Ila umeimba 'jua limekaa mlimani.' Mimi niliandika 'jua limekaa mgongoni, kikao kimekaa kivulini.' Jua la mlimani halimchomi mtu."

Basi. Hukunipa wimbo mwingine tena.

Ikaja homa ya mapafu. Siku tatu nilikaa kando ya kitanda chako hospitalini. Siku ya pili ulifumbua macho ukaniuliza, "Una neno, mdogo wangu?" Nikasema, "Hapana, dada. Pumzika." Neno lilikuwa mdomoni. Niliona una nguvu za kunisikia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikaanza kukueleza bei ya kabichi. Ukanisikiliza mpaka nikamaliza, ukafumba macho.

Mazishini kina mama wa kisomo waliimba wimbo wako. Wote waliimba "mgongoni." Nilisimama katikati yao nimefunga mdomo, mwimbaji mzima.

Jumamosi iliyopita nilikwenda darasani kwako nikawaeleza yote, jalada mkononi. Hakuna aliyeshangaa. Bibi mmoja, yule uliyemshika mkono mpaka akaweza kuandika jina lake, akaniuliza, "Na yeye mwenyewe ulimwambia?"

Nikasema, "Hapana, bibi."

Akaliinamia daftari lake akaendelea kuandika.

Nimewaandikia watu wa redio. Hawajajibu, kwa hiyo baada ya mavuno nitashuka Dar es Salaam niwaeleze kwa mdomo. Na nakuahidi hivi: popote nitakapoikuta santuri ile ikipigwa, nitasimama niseme nyimbo hizo ni za nani, hata kama watu wamelewa, hata kama watanizomea.

Msamaha sikuombi. Ningekuomba ukiwa hai, ungeweza kunikatalia. Sasa huwezi, na sitaki kukunyang'anya na hilo pia.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako,
Yohana