Ndege Iliyomchukua Mama

Jumatatu, 3 Machi
Sare mbili zimekwisha, ya tatu bado mikono. Nyangeta anacheza na vitambaa chini ya cherehani. Ni binti wa kaka yangu Magesa; nakaa naye hapa Buhare, Musoma, tangu kaka alazwe Dar na mkewe aende kumuuguza.

Mchana kaka kapiga simu. Sauti imemkauka. "Mdogo wangu, panda ndege uje. Basi litachelewa." Nikaitikia. Kisha nikashona mkono kinyumenyume.

Jumanne, 4 Machi
Nimeenda kwa mshauri nasaha. Nilitegemea vidonge. Akaniuliza nilianza lini kuogopa ndege, nami sijawahi kupanda hata moja. Halafu yakanitoka yote.

Tuliishi Mukendo, karibu na uwanja wa ndege. Mama alikuwa amelazwa Bunda. Siku moja shangazi akanionyesha ndege inapaa, akasema mama yumo, kasafiri. Watoto wenzangu walikuwa wakiipigia ndege kelele iwaletee mikate. Mimi naidai inirudishie mama. Nilisimama kwenye uzio kila ilipotua, hadi siku Magesa aliponishika mkono. "Mama hayumo humo. Mama amekufa, kazikwa Butiama." Naye alikuwa mtoto tu. Ndiye pekee aliyeniambia kweli.

Mshauri kasema akili yangu inajua, mwili bado umesimama kwenye uzio. Maneno mazuri. Tiketi ni ya keshokutwa, kutoka Mwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanza. Nimeshindwa. Nyangeta nimemwacha kwa shangazi Butiama, nikafika uwanjani mapema, nikajikaza. Walipoita abiria, miguu ikagoma. Nimelia mbele za watu kama mwehu. Ndege imeondoka, kiti changu kitupu.

Najichukia. Nimekata tiketi ya basi la kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Singida. Wifi kapiga. Kaka amefariki.

Aliniulizia mpaka mwisho. Walimwambia niko njiani.

Jumapili, 9 Machi
Nilirudi Mwanza kumpokea. Nimesimama kwenye uzio tena, mtu mzima. Ndege ikatua, wifi akashuka, kisha jeneza. Utoto wangu wote niliomba ndege inirudishie mtu wangu. Leo imerudisha.

Mimi na wifi tumepita Bunda, alikolazwa mama, tukielekea Butiama.

Jumatatu, 10 Machi
Butiama. Tumemzika karibu na mama. Watoto walipelekwa kwa jirani wasione, kama mimi zamani.

Jioni Nyangeta kaniuliza baba yake atashuka lini. Shangazi kamwambia baba kapanda ndege. Nikamwakia shangazi mbele ya waombolezaji. Bibi wa watu akashangaa. "Sasa mtoto ungemwambia nini? Si ndivyo tulikuwaga tunasema?"

Hakuwa na ubaya. Hajui mpaka leo alichonifanyia. Nimeshindwa hata kumweleza.

Jumanne, 11 Machi
Wifi kakubali Nyangeta aambiwe kweli. Asubuhi tumemshika Nyangeta mkono, mmoja huku mmoja kule, hadi kaburini. Nimemwambia kama baba yake alivyoniambia mimi. Baba hayumo kwenye ndege. Baba amekufa, tumemzika hapa.

Kalia sana. Tumelia wote. Halafu akaomba uji, nikampikia.

Alipokuwa anakunywa, ndege imepita mbali, upande wa Musoma. Kaitazama kidogo, akarudi kwenye kikombe chake.