Alichosema Shangazi Siku Ile

Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na hapa Pongwe mvua ikipiga bati la darasa hakuna mwalimu anayesikika. Nimefundisha kwa kupaza sauti hadi koo limekauka.

Wiki hii kidato cha tatu tuko kwenye lugha ya ushawishi: kurudia neno ili likae masikioni, kuuliza swali lisilotaka jibu, kumgusa msikilizaji moyoni. Niliwaagiza kila mmoja aandike hotuba ya kumshawishi mtu anayemjua kweli, kisha akamsomee.

Zuhura hukaa dawati la mbele na si msemaji. Alimwandikia bibi yake aliyemlea, ambaye ana mtoto wa jicho na amekataa katakata kufanyiwa upasuaji. Nilimpa alama za juu kuliko wote. Leo akasimama kutueleza ilikuwaje.

"Nilimsomea yote, mwalimu. Akacheka, akasema naongea kama mgombea udiwani. Kisha akaniomba nimshike mkono nimpeleke chooni."

Darasa likaangua kicheko. Zuhura hakucheka.

Nikitaka kumtia moyo, nikawasimulia jambo ambalo sijawahi kulisema darasani.

Nilipomaliza shule, baba alinikatalia kwenda chuo cha ualimu Iringa. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto wao pekee. Nililia, nikasusa kula, hakutikisika. Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, kutoka Mwera. Siku mbili alikaa bila kuligusia jambo lenyewe. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, wakakaa barazani wawili. Mimi nilikuwa uani juu ya mbuzi, nakuna nazi. Sauti ya shangazi niliisikia, maneno sikuyapata. Magharibi baba akaniambia nifungashe.

Hadi leo nikisikia harufu ya nazi mbichi, nairudia jioni ile.

"Shangazi alisema nini, mwalimu?" Zuhura akauliza.

 Miaka yote hii namsifu kwa ufasaha wake, na sijui hata neno moja alilolitamka.

Kengele ilipolia nikaenda ofisi ya walimu nikampigia simu. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, mvua za huko Mwera. Kisha nikamwuliza.

"Mie sikusema kitu, mwanangu," akajibu. "Nilimwuliza tu, kaka, waogopa nini? Akalia. Akasema, mamake keshakwenda, na huyu naye akenda asirudi, n'tabaki na nani nyumba hii? Nikamwacha aseme mpaka akamaliza. Alipomaliza, mwenyewe akasema, basi, na aende."

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Alinikataza. Hakutaka uende huku roho yako imebaki nyuma."

Baada ya kuagana naye nilibaki nimeshika simu. Walimu wenzangu wanapita na madaftari, mimi nimekaa.

Siku zote niliamini baba hakutaka mtoto wa kike asome. Niliondoka nyumbani bila kumtazama usoni.

Zuhura nilimwahi getini. Nikamwambia hotuba aiweke kando, leo amwulize bibi anaogopa nini, kisha anyamaze amsikilize. Akanitazama kama mtu aliyetarajia kitu kikubwa zaidi. Halafu akasema, "Sijawahi kumwuliza, mwalimu," akakimbilia mvuani, daftari kichwani.

Sijui kama bibi atakubali. Lakini angalau yupo, na swali litamfikia.

Baba yangu ana miaka mingi kaburini. Na miaka miwili ile ya chuo nilirudi nyumbani mara moja tu, nikidhani namkomoa.