Umande kwenye Nyanya za Mwende

Jumatatu, 4 Mei. Kibwezi.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, umeshaingia shambani kwa wifi yangu Mwende. Wanawake wanane, leo kwake, kesho kwa jirani. Nimekuja kuandika habari ya kilimo cha maji ya mto. Majani ya chini ya nyanya yana madoa ya kahawia. Amepiga dawa mara tatu. Bure.

Jumatano, 6 Mei.
Madoa yamepanda. Mwende hali chakula. Nusu ekari, na hana shamba lingine msimu huu. Afisa wa kilimo alichukua majani. Alisema ugonjwa ukizidi kupanda kwa wiki moja, Mwende ang'oe yote.

Alhamisi, 7 Mei.
Afisa alinionyesha jani kwenye hadubini. Nyuzi za kuvu zimesokotana na kujifunika ute, kama wa bamia. Ndani ya ute kuvu haikauki upesi, na dawa hupita juu tu. Jani likilowa, vijimbegu vyake hunata kwenye chochote kinacholigusa. Akauliza mwethya hupalilia saa ngapi. Nilimjibu: alfajiri. Nikaelewa. Wanane hao hupita kila shamba na sketi zilizolowa umande. Niliogopa.

Ijumaa, 8 Mei.
Mimi na Mwende tuliwaambia wanawake waje saa nne, umande ukishakauka. Mama Kioko, mwenyekiti wao, alicheka. "Kwa hivyo umande ndio bosi sasa? Tuuombe ruhusa?"
Wote wakacheka. Mwende hakucheka. "Kama ni alfajiri, mama, afadhali msije kabisa."
Huku mtu hakatai mwethya. Nilidhani amewapoteza.
Mama Kioko alijifunga leso upya. "Saa nne ni jua kali. Utatupikia uji."

Jumamosi, 9 Mei.
Walikuja saa nne. Tulikata majani yote yenye madoa, tukayachoma. Mwende akapiga dawa mpya, chini ya majani pia. Mgongo unauma.

Jumatano, 13 Mei.
Nilikagua kila mstari mara mbili. Hakuna doa jipya. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 14 Mei.
Afisa alikagua. "Using'oe." Mwende alikaa chini palepale, kwenye mtaro wa maji, akalowa. Nimefarijika kuliko nilivyotarajia.

Ijumaa, 15 Mei.
Saa mbili asubuhi. Majani bado yanang'aa kwa umande. Mwende anakoroga uji wa watu tisa, mimi nikiwemo. Mwethya ni saa nne; hakuna anayeharakisha.